Mama Alipoomba Hekima

Juzi nilikuwa Kariakoo kutafuta zipu na vifungo vya sare ya mwanangu, nikapita mbele ya fundi mmoja aliyekuwa akipiga pasi ya mkaa kitenge kipya alichokinyunyizia maji. Kama umekulia mitaa ile unaijua harufu hiyo: wanga wa kitambaa kipya, mvuke, chuma cha moto, na moshi mwembamba unaotoka kwenye matundu ya pasi. Nilisimama. Fundi akadhani nataka kushonesha, akaniuliza nimeleta kitambaa gani. Nilikuwa nimesharudi kwenye baraza la nyumba tuliyokulia, mpakani mwa Kariakoo na Mchafukoge, ni mtoto wa miaka minane au tisa, nimekaa kwenye kigoda kando ya miguu ya mama yangu inayokanyaga cherehani.

Wazazi wangu walitoka Songea kabla sijazaliwa. Baba alikuwa fundi umeme, mama alishona nguo, na tulipanga vyumba viwili kwa Bi Zuhura, mama wa Kizaramo aliyezaliwa ndani ya nyumba ile ile na aliyependa kutukumbusha jambo hilo kila tulipomwaga maji ukumbini. Wapangaji wengine wote walikuwa Waislamu. Sisi Wakatoliki tulikuwa peke yetu, na sikumbuki siku hata moja ambayo hilo lilikuwa neno. Idd tuliletewa pilau, Krismasi maandazi ya mama yalizunguka vyumba vyote.

Mama alisali akishona. Akifika kwenye mshono mrefu, wa ubavu wa gauni kwa mfano, midomo ilianza kumchezacheza. Wateja walidhani anahesabu. Mimi nilijua anasali, kwa sababu akifika mwisho wa mshono alisema "Amina" taratibu kabla ya kukata uzi. Nilikua nikiamini kwamba nguo zote za mtaa ule zimeshikizwa kwa sala, na ndiyo maana hazifumuki.

Jumapili hakushona kamwe. Tukirudi kanisani alifunika cherehani kwa kanga kuukuu, akapika, akalala kidogo. Kwa hiyo Jumapili ile nilipokuwa uani nikichambua mchele, nikasikia cherehani ikilia barazani, niliinua kichwa. Bi Zuhura aliyekuwa akianika kanga zake naye aliinua kichwa. Ililia mfululizo, haraka, bila kupumzika, kama mtu anayekimbizwa. Nilipokwenda kuchungulia nilimkuta mama anashona kipande cha kitambaa kisicho nguo yoyote, mistari mitupu, mmoja juu ya mwingine. Baba alikuwa chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu vya kanisani bado viko miguuni.

Kuanzia siku hiyo walizungumza kupitia kwangu. "Skola, mwambie baba yako chakula kiko tayari," mama aliniambia, na baba amekaa mkekani palepale, magoti yake yanagusana na yangu. Nikageuka nikamwambia baba chakula kiko tayari. Baba akasema, "Mwambie mama yako ahsante." Mwanzoni niliona ni mchezo, nikaufurahia. Baadaye nikaanza kuchoka, kwa sababu hakuna aliyekuwa akicheka.

Lililokuwa limetokea nililijua kwa vipandevipande, na vilivyobaki niliambiwa nikiwa mkubwa. Baba alikuwa na mtoto Kigamboni. Miaka ya nyuma alipata kazi ya kutandika nyaya huko, akawa analala hukohuko siku za kazi, na ndiko alikomfahamu mwanamke mmoja wa pwani. Mtoto alizaliwa miezi michache tu baada yangu. Maana yake mama alikuwa amenibeba tumboni wakati mambo hayo yakiendelea. Baba alikaa kimya miaka yote, akimpelekea yule mwanamke matumizi kwa siri. Sasa mwanamke alikuwa amefariki, bibi wa mtoto alikuwa mgonjwa, na bibi ametuma ujumbe: njoo uchukue damu yako. Hapo ndipo baba alipofungua mdomo.

Mimi nilichosikia ni sala. Chumba changu na cha wazazi vilitengwa na pazia tu, na kila alfajiri, mwadhini akiwa bado hajamaliza, nilimsikia mama akinong'ona upande wa pili. Zamani sala zake zilikuwa ndefu, zenye watu wengi ndani yake: bibi wa Songea, wagonjwa, wateja, mwalimu wangu. Siku hizo zilikuwa na neno moja. "Bwana, nipe hekima. Usininyime hekima. Nakuomba hekima, Bwana, nami nitaipokea."

Darasani kwetu kulikuwa na msichana anaitwa Hekima. Alikuwa na nywele laini na mkoba wenye magurudumu, na kila mtu alitaka kukaa naye. Nilipomsikia mama akiomba Hekima nilielewa mara moja: mama anataka mtoto wa pili, wa kike, na jina ameshalichagua. Kila kitu kikaeleweka. Baba hataki mtoto mwingine, ndiyo maana hawasemeshani. Nikaanza kumkagua mama tumbo akioga. Nikamweleza Bi Zuhura kwamba tunategemea kupata Hekima. Bi Zuhura aliyekuwa akikuna nazi alicheka, kisha akaniangalia, kicheko kikakatika, akanipa kipande cha nazi nitafune. Nami nikaanza kumsaidia mama kuomba, kwa namna yangu. Nilimwambia Mungu ampe mama Hekima, ila asilale kitandani kwangu, na awe amekwishaacha kukojoa.

Jumuiya yetu ya kanisani ilikutana Jumamosi asubuhi, nyumba kwa nyumba, na zamu ikafika kwetu. Akina mama walijaa mkekani, Mama Upendo akaanzisha wimbo. Mama Upendo aliuza mchele sokoni, chini kule Shimoni, na sauti yake ilizoea kushindana na makelele. Alikuwa rafiki wa mama wa tangu siku za kwanza mjini. Ulipofika wakati wa maombi, mama hakueleza chochote, alisema tu kwamba anaomba wamwombee hekima. Hakuhitaji kueleza. Kariakoo siri haina pa kukaa.

Walipomaliza kunywa chai, Mama Upendo alimshika mama mkono akamwambia kwamba ameomba juu ya jambo hilo siku nyingi, na Mungu amemwonyesha: mtoto yule ni mtego, akiingia ndani ya nyumba ndoa itakufa. Kabla mama hajajibu, mama mwingine wa makamo aliyekuwa amekaa karibu na mlango akasema hapana, yeye ameonyeshwa vingine. Mtoto aletwe haraka, abatizwe, abadilishwe jina, maana hiyo ni roho ambayo Mungu anataka kuiokoa kupitia nyumba hii. Wakaanza kubishana, kwa adabu mwanzoni, kisha bila adabu sana. Mama aliwashukuru wote wawili, akawafungia maandazi yaliyobaki.

Walipoondoka, baba alitoka alikokuwa amejificha uani. Mama akakunja mkeka, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile akamsemesha yeye mwenyewe, bila kunipitia. "Wawili wamesikia kutoka kwa Mungu mmoja," alisema, "na hawakusikia kitu kimoja. Mimi naomba usiku na mchana na sijasikia hata kimoja. Sasa sijui nani kati yetu ni kiziwi."

Baba alinyoosha mkono. Alimpokea mkeka, akausimamisha ukutani.

Nilishangaa kwamba watu wazima wanagombana hivyo kwa ajili ya mtoto mchanga. Hiyo habari ya kubadilishwa jina iliniudhi hasa. Hekima lilikuwa jina zuri.

Baada ya hapo mama alizidi kuomba na alizidi kukonda. Alikwenda kumwona padre, akarudi uso ukiwa vilevile. Alifunga Jumatano na Ijumaa. Sala zake za alfajiri zilianza kuwa kama ugomvi. Nilimsikia akimweleza Mungu habari za baba kwa kirefu, kama mtu anayefungua shauri, na siku moja alisema maneno ambayo sikuyaelewa ila niliyashika: "Wewe ulikuwepo, uliona, mbona hukuniambia?" Kisha akalia, na upande huu wa pazia nami nikalia, kwa sababu mama yako akilia huulizi sababu.

Ndipo akakosea kukata. Kulikuwa na gauni la mwalimu mmoja wa mtaa wa pili, kitambaa kizuri cha zambarau, la kuvaa kwenye ubarikio wa mwanawe. Mama alikata, akaunga, akaja kwenye mikono. Akaupachika mmoja, akachukua wa pili, akaugeuza, akaugeuza tena, akaacha kukanyaga. Alikuwa amekata mikono miwili ya kushoto. Fundi mwanafunzi hukosea hivyo. Mama hakuwahi.

Nilidhani atalia au atanifukuza. Alikaa na mikono ile mapajani, mmoja kulia mmoja kushoto, akiitazama muda mrefu sana mpaka mkaa wa pasi ukaanza kufunikwa na majivu. Halafu akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha wala uchungu, akaongea, nadhani na mimi, maana hapakuwa na mtu mwingine.

"Skola, nimekuwa nikimwambia Mungu anipe hekima," alisema, "kumbe namtaka awe shahidi wangu. Aje aseme mimi nimekosewa. Basi. Nimekosewa, anajua, na mimi najua. Sasa je?"

Nikamwambia labda Hekima atakuja kesho. Alinitazama, akanipangusa uso kwa ule mkono wa gauni.

Mwalimu alipokuja mama alimweleza kosa lake waziwazi. Mwalimu akalipima gauni, akajiangalia kwenye kioo, akasema toa mikono yote miwili, joto lenyewe hili. Lilimpendeza kuliko lilivyokuwa limekusudiwa.

Tangu siku ile sala za mama zilibadilika, na hapo nilipata hofu, maana niliacha kusikia chochote. Nilichungulia pazia. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, viganja vimefunguka juu ya mapaja, anatazama ukuta. Hakuomba kitu. Alikaa tu, kama unavyokaa kwa mtu unayemheshimu ukisubiri aanze yeye. Asubuhi kadhaa zilipita hivyo. Kisha asubuhi moja alitoka, akafunika cherehani wakati si Jumapili, akaniambia nivae viatu, tunaenda Kigamboni.

Nilijua tunakwenda kumchukua Hekima. Nikaingia chumbani, nikachukua kanga yangu ndogo niliyopewa kubebea mwanasesere, nikaikunja, nikaificha kifuani ndani ya gauni ili nije kumbebea mtoto mgongoni. Tulitembea hadi Magogoni, tukapanda pantoni katikati ya baiskeli na matenga, na mama alinishika mkono kwa nguvu njia nzima. Leo najua aliogopa. Siku ile nilidhani anaogopa maji.

Nyumba tuliyoelekezwa ilikuwa ndogo, ya bati, na mbele yake uwanja uliofagiliwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Mwanamke mzee alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, miguu ameinyoosha, imevimba. Ndiye aliyekuwa Bi Mize, bibi wa mtoto.

"Hodi hapa. Shikamoo, mama," mama yangu alisema.

"Marahaba. Karibuni. Nani wewe, mwanangu?"

"Mimi ni mke wa Kasian. Mama Skola."

Bi Mize hakutikisika, ila mikono yake iliacha kutukunjulia mkeka wa wageni. Akaita ndani, "Rukia, lete maji ya wageni." Akatoka msichana wa kimo changu amebeba jagi kwa mikono miwili, bilauri imefunikwa juu yake. Nilimtazama. Alikuwa na masikio ya baba. Masikio ya baba yalikuwa yamejitenga na kichwa kama vishikio vya sufuria, tulimtania kwa hayo, na sasa yalikuwa hapa, kwenye kichwa cha msichana nisiyemjua, chini ya mtandio wa bluu. Mama naye aliyaona. Alipokea bilauri, akanywa maji yote polepole, mpaka tone la mwisho, na sikumbuki kumwona tena mtu anywaye maji kwa namna ile.

Alipoweka bilauri chini, alimwambia Bi Mize maneno ambayo nadhani ndiyo aliyopewa alfajiri zile za kimya, ingawa yeye hakudai hivyo kamwe.

"Mama, nyumbani kwangu kila mtu amesema anachotaka. Mume wangu amesema, kanisani wamesema, na mimi nimesema sana. Nimeona wewe hujaulizwa. Nimekuja kukuuliza, unataka nini?"

Mzee aliutazama uso wa mama. Kisha akatoa ncha ya kanga, akajifuta macho bila haraka. Alieleza kwamba tangu bintiye afe watu wamekuja kumwambia la kufanya, wajomba, majirani, hata baba mwenyewe, wala hakuna aliyemuuliza. Alisema kila sala alikuwa akiomba dua moja, kwamba akija mtu, aje yule mwanamke, asije mwanamume. Mwanamume atamchukua mtoto, alisema, lakini atakayemlea ni mwanamke, na yeye alitaka kuuona uso wake.

Halafu akasema anachotaka. Mtoto asifichwe. Asifundishwe kumwonea haya mama yake. Aletwe kumwona bibi yake wakati angali hai. Na la mwisho alilisema huku akimtazama mama machoni: marehemu mama yake Rukia alimwanzisha madrasa, mtoto yuko katikati ya juzuu, na itamuuma sana marehemu kaburini ikiwa ataachishwa.

Mama alivuta pumzi. Nilimwona akitazama chini, kwenye mistari ya ufagio.

"Kumfundisha siwezi, mama, siijui," alisema. "Lakini kumpeleka na kumrudisha naweza."

Bi Mize akanyoosha mkono, mama akaupokea, wakakaa hivyo. Rukia na mimi tulisimama tukitazamana. Kanga ilianza kunitoka kifuani, nikaisukuma ndani.

Hatukurudi naye siku hiyo. Mama hakukubali. Jioni alimketisha baba, na safari hii sikutumwa dukani wala uani. Alimwambia kwamba mtoto atakuja, lakini si mama atakayemleta. "Utakwenda wewe," alisema. "Mchana kweupe. Utamshika mkono, na utapita naye mtaani, mbele ya mabaraza yote. Akiulizwa ni nani, utajibu wewe."

Baba akauliza kama kuna haja ya hayo yote.

"Mwenzangu, kwa miaka yote hii ulimficha," mama alisema. "Sitakusaidia kumficha ndani ya nyumba yangu."

Siku ya tatu yake nilikuwa barazani nilipowaona wakitokea kona. Baba alitembea kama mtu aliyebeba gunia, uso umemshuka, na mkononi mwake Rukia, mwenye mfuko wa nguo begani. Watu walisimamisha kazi. Muuza mitumba aliyekuwa akinadi alinyamaza. Mzee mmoja akamsalimu baba, akauliza mgeni ni nani, na nilimsikia baba kwa masikio yangu akijibu, "Huyu ni binti yangu." Akajibu hivyo mara nyingi kabla hawajafika kwetu, na kila alipojibu alinyooka kidogo. Alipofika barazani alikuwa analia, lakini alikuwa amesimama wima.

Mama alimvua Rukia mfuko begani. Mimi nilikwenda mbele kwa adabu nikasema, "Karibu, Hekima."

"Mimi naitwa Rukia," alisema. Ndilo neno la kwanza aliloniambia, na alilisema kwa ukali, kama mtu aliyekwishaambiwa kwamba watajaribu kumbadilisha jina.

Mama aliuliza Hekima ni nani. Nikamweleza yote: sala zake, tumbo lake, mtoto mchanga, kanga. Alinisikiliza, mkono mdomoni, kisha akacheka mpaka akakaa chini sakafuni, na Bi Zuhura akatoka kuuliza kuna nini, naye akacheka, na Rukia aliyekuwa haelewi chochote akaanza kutabasamu upande mmoja wa mdomo, tabasamu la baba vilevile. Mama alijaribu kunieleza hekima ni kitu gani. Sikuridhika. Nilikuwa nimeahidiwa mtoto wa kubeba.

Nisikudanganye kwamba baada ya hapo tuliishi kwa raha. Rukia alikaa muda mrefu bila kumsemesha mama, akiitikia kwa kichwa tu. Alilala na mfuko wake wa nguo chini ya mto. Na mama hakuwa malaika. Kulikuwa na siku alimtazama yule mtoto akinawa, au akigeuka kwa namna fulani, kisha akainuka ghafla akaenda uani kufua nguo ambazo hazikuwa chafu. Hakuwahi kumpiga wala kumnyima, ila siku hizo alifua sana. Nyama ya nguruwe, kitimoto ambayo baba aliipenda mno na kuiingiza chumbani kwa siri ikiwa imefungwa gazetini, haikuingia tena kwetu. Baba alipolalamika, mama alimwambia mji ni mkubwa, atakula hukohuko nje.

Kila alasiri aliacha cherehani, akamsindikiza Rukia madrasa. Mwanzoni Rukia hakutaka kwenda, kwa sababu watoto wenzake walimcheka kwamba analetwa na Mkristo. Mama akaenda naye hadi mlangoni, akakaa kwenye kizingiti na pindo la kushona mkononi mpaka wakatoka. Kesho yake vilevile. Siku moja ustadhi alitoka na kiti cha plastiki, akakiweka kivulini, akasema, "Kaa hapa, mama," akarudi ndani. Baada ya hapo hawakumcheka tena. Mama alishona mapindo mengi kwenye kiti kile, watoto wakisoma kwa sauti moja nyuma yake, midomo yake ikicheza kwa sala zake mwenyewe.

Mama Upendo alikuja kumwambia kwamba anampeleka mtoto gizani kwa mikono yake. Hakusema kwa chuki, alisema machozi yakimlengalenga, kwa sababu aliliamini. Mama alimjibu kwamba aliahidi. Mama Upendo akauliza, na kama umekosea? Mama akasema, "Basi Mungu ananijua nilipo, atanirekebisha. Lakini ahadi niliyompa mama yule siivunji." Mama Upendo alikaa miezi hatumwoni. Kisha siku moja akaja na kitambaa, akataka gauni la kawaida, akapimwa, na wakazungumzia bei ya mchele.

Ramadhani ya kwanza ambayo Rukia alitaka kufunga mwezi mzima, mama ndiye aliyeamka kumpashia daku. Niliamka nikawaona jikoni, kwenye mwanga wa jiko la mafuta ya taa, Rukia anakula wali na maharage, mama amekaa kwenye kigoda anamtazama, hakuna anayesema. Rukia alipomaliza akauliza, kwa sauti ndogo, kama anaweza kuongezewa. Mama aliinuka haraka sana. Nadhani hicho ndicho kitu cha kwanza Rukia alichomwomba.

Bi Mize aliishi miaka michache zaidi, nasi tulivuka kila mwezi kumwona. Alipofariki, wanawake wa Kigamboni walimpa mama nafasi ya kukaa mkekani pamoja na wafiwa. Baba alizeeka mapema, akawa mpole. Yeye na mama walirudi kusemeshana, na baadaye hata kutaniana, ila ilichukua muda ambao mtoto hawezi kuupima.

Rukia aliolewa akiwa amemaliza chuo cha uuguzi. Mama ndiye aliyemshonea. Asubuhi ya harusi tulikuwa watatu chumbani, Rukia amesimama juu ya kiti ili pindo lionekane vizuri, mama anamzunguka na pini mdomoni, mimi nashika kitambaa kisiburuze. Ghafla Rukia akauliza swali ambalo nadhani alikaa nalo tangu siku ile aliyopitishwa mtaani.

"Mama, ni Mungu aliyekwambia unichukue?"

Mama akatoa pini mdomoni, moja moja, akazishika kiganjani.

"Hapana," alisema. "Niliomba sana aniambie. Hakuniambia. Niliudhika naye kweli." Akafikiri kidogo. "Nadhani angeniambia, ningekulea kwa amri. Ningekupa chakula huku nikimtazama yeye, kama anaona."

Rukia aliinua macho darini. Alikuwa ameuma mdomo ili wanja usiharibike.

"Alinipa akili ya kuja kukuona," mama alisema. "Ilitosha. Sasa simama wima, unanipindishia nguo."

Akarudisha pini mdomoni, akapiga magoti sakafuni mbele yake, akaendelea na pindo.